Mpigaji wa nyuzi wa Mwanza akalelewe wapi: kwa mzee, Bagamoyo, Zanzibar au ng'ambo?

Kuna kipindi kigumu katika maisha ya mpigaji wa ala za nyuzi ambacho hakizungumzwi sana. Mwalimu wa kwanza ameshakupa alichonacho. Kanisani wanakutegemea kila Jumapili, harusini umeanza kuitwa, ila hakuna anayekulipa kiasi cha kukuwezesha kuacha shughuli nyingine, na mwenyewe unasikia kabisa kwamba kuna kitu mkono wako bado haukijui. Hapo ndipo vijana huanza kuulizia kambi za malezi: unahama kwenu kwa wiki, miezi au hata miaka, unaishi karibu na waliokutangulia, unapiga nao, kisha unarudi ukiwa mtu wa kazi.

Kwa anayeishi Nyakato, Igoma au Kirumba hapa Mwanza, milango iliyo wazi ni hii: kukaa kwa mzee wa ala ya asili huku huku ukanda wa ziwa, kwenda Bagamoyo, kwenda Zanzibar, au kuomba nafasi ng'ambo. Nitailinganisha, lakini niseme mapema kwamba mizani yangu imeelemea upande mmoja. Swali ninaloliweka mbele ya ada na mbele ya jina la chuo ni hili: anayekulea anapiga pamoja nawe, au anakaa kwenye kiti akikusikiliza?

Anayekaa kwenye kiti ana faida yake. Anaona kiwiko kimeshuka, anasikia kidole cha nne kinapwaya, anakurekebisha mbele ya wenzako, nawe hutasahau kamwe. Anayepiga kando yako anakupa mambo mengine: lini uingie, lini unyamaze, namna ya kumfuata mwimbaji aliyeruka ubeti, namna ya kupunguza sauti yako ili ya mwenzako isikike. Haya ya pili ndiyo watu hulipia. Bwana harusi hajui kidole cha nne ni kipi, ila anajua bendi ikigongana.

Kwa mzee, bila kuvuka bahari

Ziwa limezungukwa na nyuzi. Usukumani kuna zeze. Ukivuka kwenda Kagera unakutana na enanga ya Wahaya, ala ya ubao ambayo uzi wake hupitishwa mara kadhaa juu ya ubao ule ule, na mpigaji wake ni msimuliaji wa visa virefu vya watawala na mashujaa. Upande wa Tarime Wakuria wana litungu, kubwa, lenye sauti nzito inayosikika kifuani kabla ya masikioni. Wajaluo wa Rorya na ndugu zao wa Siaya, Kenya, wana nyatiti yenye nyuzi nane, na orutu yenye uzi mmoja inayopigwa kwa upinde. Uganda kuna endingidi, nayo ya uzi mmoja na upinde.

Nikazie nyatiti kidogo, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha vizuri malezi ya namna hii yanavyokwenda. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda. Mguuni ana njuga ziitwazo gara, na kwenye dole gumba la mguu ana pete ya chuma, oduong'o, ambayo anaigonga kwenye fremu ya ala. Kwa hiyo mtu mmoja ni nyuzi, ngoma, njuga na mwimbaji kwa wakati mmoja. Huwezi kufundishwa hayo kwa vipindi vya saa moja kila Jumanne. Mguu hujifunza polepole kuliko mkono, na njia pekee ninayoijua ya kuufundisha ni kukaa karibu na mtu ambaye mguu wake umeshajua, jioni baada ya jioni, msibani na kwenye sherehe.

Mfano mzuri ni wa mgeni kabisa. Eriko Mukoyama, mwanamke wa Kijapani ambaye sasa wengi wanamjua kwa jina la Anyango, alihamia kijijini Siaya ili ajifunze nyatiti kwa mzee, akaishi maisha ya pale, na leo anaimba kwa Kijaluo jukwaani. Nyatiti kwa desturi ilikuwa ala ya wanaume. Labdi, mwanamke wa Kenya, naye amejenga jina lake kwa orutu, ala ambayo nayo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Nawataja kwa sababu wasichana wengi wa huku hujitoa kabla hata ya kuuliza. Mwiko upo, na wazee wengine watakataa. Lakini wapo waliokubali, na ushahidi unatembea duniani na ala begani.

Ubaya wa mlango huu ni kwamba hauna tangazo, hauna fomu, hauna cheti. Mzee hatakuandikia barua ya utambulisho yenye nembo, na ubalozi hautajua uzito wa miezi yako sita Ukerewe au Rorya. Makubaliano ni ya mdomo, na hapo ndipo vijana huteleza: wanadhani malezi ya bure ni bure. Si bure. Unalipa kwa sukari, kwa kulima, kwa kubeba ala kwenda kwenye shughuli, na kwa kukubali kwamba malipo ya shughuli hizo si yako. Zungumzeni mapema, tena ukiwa na mtu mzima wa kwenu, si wewe peke yako. Mueleze pia kama unataka kurekodi nyimbo zake kwa simu, na kama utazipiga jukwaani utamtaja vipi. Wazee wengi wameona sauti zao zikiuzwa na wengine.

Gharama nyingine ni ndogo. Nyuzi za nyatiti siku hizi ni nailoni ile ile ya kuvulia samaki, na mkazi wa Mwanza haendi mbali kuitafuta. Kwenda Siaya ni basi tu kupitia Musoma, Sirari na Kisumu. Kwenda Bukoba kumekuwa kwepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Foleni ya kivuko pale iliwahi kula nusu siku ya watu.

Bujora, Kisesa, wengi hunitajia kama jibu. Makumbusho ile ina hazina ya ngoma na historia ya Wasukuma, na wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni utaona vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wakishindana kucheza hadi vumbi lifunike watu. Nenda ukaone. Ila kwa mpigaji wa nyuzi anayetafuta malezi ya miezi, pale ni mahali pa kuanzia kuuliza tu: nani anapiga zeze bado, na anakaa kijiji gani.

Bagamoyo na Zanzibar, ambazo watu huzichanganya

Zote ziko pwani na zote zina chuo, lakini kazi zake hazifanani.

Bagamoyo ni chuo cha serikali. Kilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na mwaka 2007 kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Unapata cheti au stashahada inayotambulika, unasoma muziki pamoja na ngoma, maigizo na ufundi wa jukwaa. Huo upana ndio nguvu yake, na kwa mpigaji wa nyuzi ndio udhaifu wake pia: siku ina saa zile zile, na nyingi hazitakuwa za ala yako. Hata hivyo mji wenyewe ni chuo cha pili. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba za Wagogo, aliishi Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake umeendelea kupiga. Zawose Queens, kina mama wa ukoo huo, sasa wanapanda majukwaa ya nje na ala ambazo zamani zilikuwa za wanaume. Kijana wa zeze kutoka Usukumani akienda Bagamoyo ningemshauri ahesabu kilicho nje ya geti la chuo kuwa nusu ya masomo yake. Zeze la Kigogo na la Kisukuma si ala moja, na kujua tofauti yake mkononi ni mtaji.

Zanzibar ni jambo jingine. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wageni wanakiita DCMA, kilianzishwa mwaka 2002 na kazi yake ni muziki tu: fidla, udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa magotini), kodiani, ngoma. Ukiwa mpigaji wa fidla uliyelelewa kanisani, ukizoea kusoma noti na kupiga kama zilivyoandikwa, Zanzibar itakutikisa. Fidla ya taarab hukaa kwa safu na wenzake, wote wakifuata tuni moja, lakini kila mmoja ana namna yake ya kuipamba. Kuna sauti zinazoangukia kati ya noti mbili za kinanda, na kinanda chako cha kanisani hakina pa kuzipatia. Mwimbaji akivuta neno, safu nzima inavuta naye. Mashabiki wakiinuka kutunza, ubeti unarudiwa, na hakuna karatasi itakayokuambia utarudiwa mara ngapi.

Na usiku ndio unaoamua. Unguja kuna Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club cha tangu 1958. Hivi ni vyama vya watu wenye kazi zao za mchana, wanaokutana kufanya mazoezi jioni. Mwanafunzi mwenye adabu, anayefika kwa wakati na kukaa nyuma kimya, siku moja huambiwa, "Haya mwanangu, chukua fidla." Kwa mizani yangu ile ya mwanzo, dakika hiyo ina thamani kuliko muhula mzima wa kukosolewa. Ndiyo maana kwa mpigaji wa upinde Mtanzania ninaiweka Zanzibar juu ya Bagamoyo, pamoja na kwamba Bagamoyo itampa karatasi nzito zaidi.

Je, taarab asilia italipa Mwanza? Yenyewe kama ilivyo, kidogo sana. Lakini mpigaji anayeweza kumfuata mwimbaji bila karatasi anaitwa studio, anaitwa na bendi za dansi, na kwaya zinazorekodi humgombania. Kwaya nyingi za hapa zinategemea kinanda na gitaa. Fidla halisi inayojua kuingia na kutoka ni nadra.

Ng'ambo: majina makubwa na yanachotaka

Hapa vijana hutuma maombi kumi kwa siku moja, yote yakiwa na barua ile ile. Ni kujichosha. Programu hizi zimegawanyika, na nyingi si za mtu aliye hatua yako.

Kambi ya Marlboro, jimbo la Vermont huko Marekani, ilianza mwaka 1951, mpiga piano Rudolf Serkin akiwa miongoni mwa waanzilishi. Kila kiangazi, kwa wiki saba, wapigaji waliobobea na vijana wanaoanza kazi huwekwa katika kundi moja la watu watatu, wanne au watano, wanaushughulikia utunzi mmoja kwa muda wanaoutaka, na si lazima waupige mbele ya watu. Mkongwe hafundishi, anapiga sauti yake naye. Prussia Cove huko Cornwall, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sándor Végh pamoja na Hilary Tunstall-Behrens, ina majira mawili: la masika ni la kukaa mbele ya mwalimu na kukosolewa, la Septemba ni la wakubwa na wadogo kupiga pamoja. Yaani pande zote mbili za mizani yangu chini ya paa moja.

Queen Elisabeth Music Chapel, Waterloo nchini Ubelgiji, ya tangu mwaka 1939, hulea wachache sana ambao tayari wanapiga peke yao mbele ya okestra. New World Symphony ya Miami Beach, iliyoanzishwa na Michael Tilson Thomas mwaka 1987, inachukua wahitimu kwa miaka mitatu, inawapa posho na mahali pa kuishi, na kuwaandaa kwa kazi ya okestra. Ensemble Connect ya Carnegie Hall, ya mwaka 2007, ni ya miaka miwili. Wapigaji wake hupanda jukwaa kubwa na pia hufundisha katika shule za serikali za New York. Hii ya mwisho naipenda kwa sababu inakubali ukweli ambao wengine huuficha: mpigaji wa nyuzi popote duniani ataishi kwa kupiga na kufundisha, mara chache kwa kimoja tu.

Sasa tuseme wazi. Wanaoingia huko wamepitia chuo cha muziki kwa miaka, wengi wakiwa na ala tangu umri wa chekechea. Kijana aliyeanza fidla akiwa na miaka 14 kwa ala ya kuazima kanisani hashindani nao leo. Kutuma maombi si dhambi, ila usipange maisha juu yake. Kinachoweza kuchukuliwa bila viza ni utaratibu wao: vijana watatu na mkubwa mmoja, wimbo mmoja, mwezi mzima, bila onyesho. Mwanza ina walimu na wapigaji wakongwe ambao hawajawahi kuombwa jambo hilo. Tunawaita kufundisha, tunasahau kuwaita kupiga.

Ng'ambo inayofikika zaidi ni ile isiyotafuta watu wa Mozart. Ethno, iliyoanzia Sweden mwaka 1990, huwakusanya vijana wa nchi mbalimbali kwa siku chache. Kila mmoja anafundisha wenzake wimbo wa kwao, kwa sikio, bila noti. Mpiga zeze wa Magu ana cha kuleta pale kuliko mhitimu wa fidla aliyejifunza nyimbo zile zile ambazo kila mtu anazo. Nile Project, iliyoanza mwaka 2011, ilifanya jambo la jirani na hilo kwa wanamuziki wa nchi za bonde la Nile: wiki za kuishi pamoja na kutunga pamoja, ndipo safari. Programu za namna hii huja na kupita kufuatana na wafadhili, kwa hiyo weka masikio wazi.

Afrika yenyewe isisahaulike. Buskaid ya Soweto, iliyoanzishwa mwaka 1997 na Rosemary Nalden, imewalea vijana wa mtaani kwa ala za upinde hadi wakapiga kwenye BBC Proms, tamasha kubwa la muziki la London, mwaka 2007, na wakubwa wake ndio wanaowafundisha wadogo. Ghetto Classics ya Korogocho, Nairobi, ya tangu 2008, ni karibu zaidi nasi. Hizo zinahudumia mitaa yao kwanza, hazikuundwa kupokea wageni wa kulala. Lakini anayetaka kuanzisha kitu Ilemela siku za mbele akizitembelea kwa wiki moja atarudi na mengi ya kuiga.

Karatasi na fedha

Pasipoti kwanza, kabla ya barua yoyote. Ada yake ni shilingi 150,000, na nafasi nyingi hupotea kwa sababu mtu alianza kuitafuta baada ya kuchaguliwa. Viza ya nchi za Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi ukikataliwa, na nauli ya kwenda Dar es Salaam kwa ajili yake ni juu yako. Masharti ya Marekani kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika. Soma tangazo la ubalozi wiki unayoomba, usitegemee aliyesafiri mwaka juzi. Programu ikisema inagharamia kila kitu, uliza kama ni pamoja na viza, bima na usafiri wa ndani. Mara nyingi sivyo.

Kama utapanda jukwaani nje ya nchi, pita kwa Afisa Utamaduni wa Nyamagana au Ilemela mapema akuelekeze kuhusu usajili na vibali vya BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Si kazi ngumu, ila haifanyiki kwa siku moja.

Na ala. Fidla haina mafundi wengi huku, na unyevu wa ziwa hufanya vigingi kukaza wakati wa mvua na kulegea kiangazi. Ondoka na seti mbili za nyuzi za akiba, utomvu wa kupaka upinde, na kitambaa. Usipakie fidla kwenye buti la basi hata kondakta akuape kwa nani.

Ningemwelekeza nani wapi

Mpiga zeze, enanga, litungu au nyatiti: mzee kwanza, tena mzee wa ala yako, angalau msimu mmoja wa shughuli. Bagamoyo iwe ya pili, unapohitaji cheti na kujua jukwaa. Ethno na jamaa zake ziwe za tatu, ukishakuwa na nyimbo za kufundisha. Ukigeuza mpangilio huo utafika Sweden na nyimbo mbili ulizozitoa kwenye simu.

Mpiga gitaa: sina ushauri mkubwa zaidi ya kutafuta bendi ya dansi inayopiga laivu kila wiki. Malezi yako yako humo.

Mpiga fidla, viola au chelo wa kanisani ambaye anasoma noti ila huganda akiondolewa karatasi: Zanzibar, bila kusita, hata kwa miezi mitatu tu. Aliye na daraja za juu za mitihani ya muziki na umri bado mdogo aombe chuo kamili nje, si kambi. Kambi zitamfaa baadaye.

Kwa anayechagua Zanzibar kuna suala la kalenda. Sauti za Busara, tamasha la tangu mwaka 2004, hufanyika Februari na linavutia, lakini miaka hii Ramadhani inaangukia karibu na mwezi huo, na taarab hunyamaza. Afadhali ufike Idi inapokaribia, maana Idi ndiyo sikukuu ya taarab na baada yake harusi za Unguja zinafuatana. Kwa sasa Kwaresima nayo inaangukia majira hayo hayo, na harusi za kanisani Mwanza zinakuwa zimesimama, kwa hiyo posho utakayoikosa nyumbani ni ndogo. Ukikaa hadi mwisho wa Mei, unarudi mavuno yanapoingia na watu wa Usukumani wanaanza kuoana.